Chungu cha Watu Saba

Kwa miezi minne nilirudisha bakuli la watu likiwa tupu, na kila mara nililiosha vizuri sana kabla ya kulirudisha. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametoka humo, na kwa sababu najijua: nikianzia kwingine nitazunguka mpaka nisifike.

Nilikuja Lamu mwaka wa pili baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka chuoni, wa kwanza katika ukoo wetu kule Taita kuvaa lile joho, na kazi niliyopewa ilikuwa kuwafundisha akina mama kupika chakula bora nyumbani kwa muda mfupi na kwa kazi kidogo. Nilikuja na sanduku la mbao lililokuwa na stovu ya mafuta ya taa, sufuria mbili, kikombe cha kupimia, na kadi zilizochorwa: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kuukinga na maradhi. Darasa langu lilikuwa Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya alasiri, katika chumba tulichoazimwa nyuma ya ofisi za serikali.

Somo langu kuu niliita Chakula cha Nusu Saa. Nilikuwa nimeliandaa kwa wiki tatu. Niliandika hata mahali pa kutabasamu.

Nilipangishwa chumba cha chini katika nyumba ya mawe ya mjane mmoja ambaye kila mtu alimwita Bi, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye alikaa orofa ya juu, na jiko lake lilikuwa juu zaidi, chini ya paa la makuti, ambako moshi ulitoka bila kumsumbua mtu. Kutoka orofa yake kulikuwa na wikio, yaani ujia uliojengwa juu ya kichochoro kama daraja lenye kuta, kuunganisha nyumba yetu na nyumba ya ng'ambo, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Mimi niliuona wikio kwa chini tu, nikipita kwenda kazini. Sikuwahi kujiuliza juu yake hupita nini.

Siku ya pili tangu nifike, niliporudi saa saba mchana, nilikuta bakuli kwenye kigoda mlangoni kwangu, limefunikwa kwa kawa la ukili. Lilikuwa bakuli la kauri, jeupe lenye ukingo wa kijani, na ukingoni lilikuwa na ufa mdogo kama unywele. Ndani mlikuwa na wali wa nazi, kipande cha samaki, kunde, na pembeni mchicha. Nilikula mpaka nikaona aibu. Siku ya tatu likaja tena. Siku ya nne nikaacha kununua mchele.

Sasa kuhusu kulirudisha. Nililiosha kwa sabuni, nikalisuuza kwa maji ya moto kama tulivyofundishwa chuoni, nikalikausha kwa kitambaa safi, kisha nikakaa kitandani nalo mapajani nikiwaza. Kwetu Taita chombo cha jirani hakirudi hivi hivi, hilo nililijua. Basi nitie nini? Nilifikiria mayai manne. Lakini manne hayatakuwa machache? Na yakiwa sita, si itaonekana kama ninamlipa, kama kwamba yeye ni mwenye hoteli? Tena mayai yangetoka mikononi mwa Mkristo wa bara. Labda angeyapokea kwa heshima tu kisha ampe paka. Nilifikiria sukari, nikaogopa ataona nimesema chakula chake hakina ladha. Saa nzima ilipita. Mwishowe nikapanda ngazi hadi nusu, nikaliweka bakuli kwenye kidato, nikaita, "Bi, asante sana!" kwa sauti niliyoona baadaye kuwa kubwa mno, nikashuka haraka.

"Haya, mwanangu," alijibu kutoka juu.

Kesho yake nilijiambia kwamba kwa kuwa jana sikutia kitu, nikitia leo itaonekana kwamba jana nilisahau. Hivyo ndivyo miezi minne ilivyopita.

Nami stovu yangu sikuiwasha nyumbani hata mara moja. Nilifundisha vyakula ambavyo sijawahi kuvila. Darasani nilikuwa napika robo kikombe, akina mama wanaonja kwa ncha ya kijiko kwa ajili ya adabu, halafu narudi nyumbani kula wali wa Bi.

Kitu kilichonisumbua kuhusu Bi ni chungu chake. Siku moja sikwenda kazini kwa sababu ya homa, nikamsikia kutwa. Saa tatu alianza kukuna nazi. Nilisikia mbuzi ya kukunia ikikwaruza juu ya kichwa changu. Kisha kutwanga. Alipoteremka kuniletea uji nilimwuliza anapika chungu kikubwa namna gani.

"Kama cha arusi," akacheka, akanionyesha kwa mikono. Chungu cha watu saba, nikakadiria. Na Bi alikuwa peke yake. Wanawe wote wawili walikuwa Mombasa. Pamoja nami, watu wawili.

Nililala na homa yangu nikilifikiria jambo hilo, na badala ya kumwuliza, nikaona nimepata mfano wa kufundishia.

*

Alhamisi iliyofuata nilikuwa na akina mama kumi na wawili, nao walikuwa wamechangamka. Wamevua mabuibui, mlango umefungwa, na mke wa seremala, ambaye nyumba yake ilikuwa mgongoni mwa nyumba yetu, alikuwa amekaa mbele kama kawaida. Mwanamke yule alikuwa na ulimi. Nilimwogopa na nilimpenda.

"Leo," nikasema, "tutazungumza juu ya kipimo. Kupika kingi kuliko mahitaji ni kupoteza muda, kuni na nguvu zako. Kikombe kimoja cha mchele ni watu wawili. Ukipika hivi, katika nusu saa umemaliza."

"Na hiyo nusu saa ilobaki, Mwalimu," mke wa seremala akasema, "nifanye nini? Nimtizame mume wangu? Nimemtizama miaka kumi na saba."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Nilicheka pia, na kwa kuwa walicheka nikapata ujasiri, na ujasiri wangu sikuzote huja pabaya.

"Niwape mfano," nikasema. "Namjua mama mmoja hapa mjini. Anakaa karibu peke yake. Lakini kila siku anapika chungu cha watu saba. Saa tatu yuko kwenye mbuzi, saa sita na nusu ndipo anapakua. Sasa fikirini: muda wote huo, nazi zote hizo, kwa ajili ya nani?"

Kicheko kikakatika. Niliona wakitazamana, nikadhani wanafikiri.

Mke wa seremala akaniuliza taratibu, "Na hilo tungu, Mwalimu, lililo kubwa hivyo, huliwa na nani?"

"Sijui," nikasema. "Nadhani kinachobaki humwagwa."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, kitandani, njiani, hata kanisani. Humwagwa. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kuishia kwenye sijui.

"Humwagwa," mke wa seremala akasema. Kisha akaegemea mbele kama mtu anayetaka kusikia vizuri. "Mwalimu, hebu tuambie. Wewe yeo mtana umekula nini?"

"Wali," nikasema. "Na samaki. Na kunde."

"Ulipika kwa nusu saa?"

"Sikupika. Nililetewa."

"Ndani ya bakuli?"

"Ndio."

"La rangi gani?"

"Jeupe. Lina ukingo wa kijani," nikajibu, na hapo ndipo nilipoelewa naulizwa nini, mdomo bado u wazi. Mtu nyuma akaguna kicheko akakizuia kwa kanga. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Mwateni, ni mtoto," na kule kutetewa kuliniumiza kuliko kicheko. Nikageukia stovu. Nilifundisha hadi mwisho. Nilitabasamu pale nilipokuwa nimeandika nitabasamu.

*

Kwenda kwangu nyumbani kutoka darasani ni mwendo wa dakika kumi, nami siku ile nilizunguka mpaka ikawa nusu saa. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika. Yalipita juu, kwenye wikio, wakati mimi nazunguka chini.

Kesho yake mchana bakuli lilikuja kama kawaida, limejaa kama kawaida, ila safari hii alilileta mwenyewe mkononi, na akakaa kwenye kigoda. Hakuwahi kukaa chumbani kwangu. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha na yote yakanitoka.

"Umesema tungu langu lamwagwa," akasema.

"Bi, nisamehe. Sikufikiri. Nilifikiri lakini..."

"Mimi si kitu. Mimi nimesemwa na watu wenye meno kukushinda. Kaa."

Nikakaa kitandani.

"Huyu bibi wa ng'ambo," akasema, akiinua kidevu kuelekea wikio, "asiyeona. Mke wa seremala jana alimsimulia hayo maneno yako kwa mzaha. Alidhani atacheka. Hakucheka. Leo asubuhi nimempelekea mkate, amerudisha. Mchana huu nimempelekea wali, amerudisha. Akasema, kumbe kinachomwagwa humwagiwa mimi, mimi ndiye jalala. Tangu jana magharibi hajala."

Ndipo akanieleza, bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni, jinsi chakula nilichokuwa nikila kilivyopikwa. Bi hupika wali tu, na nazi. Huanza saa tatu lakini hakai nao: akishakuna na kukamua tui, hubandika, hufunika, hupalia makaa juu ya kifuniko, kisha huenda kushona kofia mpaka uive wenyewe. Mke wa seremala hupika samaki tu, kwa kuwa kaka yake ni mvuvi wa Ndau na samaki humjia bila kuwatafuta. Nyumba ya tatu, upande wa bahari, hupika mboga na kunde, ambazo hurowekwa usiku. Saa sita na nusu bakuli huvuka huku na huku, na kila nyumba inakula wali, samaki na mboga ilhali imebandika chungu kimoja tu. Na bibi wa ng'ambo, asiyeweza kukaribia moto, hula kutoka kwa wote watatu na kuwarudishia asumini kutoka kwenye kiwanda chake, yaani ua wa ndani wa nyumba, amezitunga kwa uzi, ndani ya bakuli.

Nilisikiliza nikijua kwamba kadi zangu zote, za kujenga na za kutia nguvu na za kukinga, zilikuwa zikikutana kwenye bakuli langu kila siku saa saba, na kwamba hakuna mwanamke hata mmoja katika nyumba zile aliyekaa mbele ya moto kwa zaidi ya hiyo nusu saa yangu.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa mke wa seremala naye aona haya kwa kupeleka maneno, leo samaki hakuleta, na nyumba ya tatu nayo, kusikia hivyo, haikuleta mboga. Nami sikutaka kuwaomba. Kwa hivyo leo mimi nimepika wali, nimepika samaki, nimepika mboga. Mguu wauma." Akainuka. "Hilo ndilo somo lako la leo, Mwalimu."

Nilimwambia nitavuka sasa hivi nikamwombe radhi bibi wa ng'ambo.

"Utamwambia nini? Maneno hayaliwi. Pika."

"Nitumie jiko lako?"

"Una lako," akasema. "Lile la nusu saa."

*

Nilianza saa tisa. Nilichagua pojo na mchicha, kadi ya kwanza kabisa katika sanduku langu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeifundisha mara nyingi. Stovu iliziba. Nikaizibua kwa sindano yake, sindano ikavunjika ndani. Nikavuka mtaa mzima kutafuta nyingine. Pojo sikuzichambua vizuri, nikakuta jiwe, nikazimwaga zote kwenye ungo nianze upya. Nilisongwa na mawazo: je, atakubali kula kilichopikwa na Mkristo? Je, niulize kabla? Nikiuliza, si nitakuwa nimemfanya aonekane mbaguzi? Huku nawaza hayo, pojo zikashika chini. Harufu ya kuungua ikapanda ngazi.

"Punguza moto, ufunike, uondoke!" Bi akapaza sauti kutoka juu. "Chakula hakipendi kutizamwa!"

Nilihamisha zisizoungua kwenye sufuria ya pili, nikafanya alivyosema, nikaenda kukaa barazani, mikono bila kazi. Adhana ya magharibi ilisikika kabla sijapakua. Chakula cha nusu saa kilinichukua saa tatu na zaidi.

Nikakipakua ndani ya lile bakuli la ukingo wa kijani, kwa kuwa sikuwa na jingine la heshima, nikapanda ngazi. Orofani Bi alikuwa anaswali, nikangoja mlangoni. Alipomaliza aliniangalia mimi, akaangalia bakuli.

"Umetia mafuta gani?"

"Ya nazi. Ya dukani."

"Nyama?"

"Hakuna nyama, Bi."

"Basi nenda. Umpigie kwanza hodi kabla ya kufika katikati, asishtuke."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita kwenye wikio. Ni hatua saba. Una dirisha dogo la vipande vya mbao na kutoka hapo niliona njia yangu ya kila siku chini, finyu, na nikajiona kama wanavyoniona: kichwa kimeinama, midomo inatikisika.

"Hodi!"

"Karibu. Ni nani huyo mwenye viatu?"

Nilisahau kuvua viatu. Nikavua. Bibi wa ng'ambo alikuwa amekaa juu ya mkeka, mdogo kuliko nilivyotarajia, mikono juu ya magoti. Nilisema ni mimi, mwalimu wa nyumba ya Bi, nimekuja kumwomba radhi, na nimeleta chakula. Nikaliweka bakuli mbele yake. Alinyoosha mkono, akalipapasa ukingo polepole mpaka kidole chake kikafika kwenye ule ufa, kikatulia hapo.

"Hili langu," akasema. "La arusi yangu. Ulipokuja nilimpa Bi akutilie chakula, nikamwambia mgeni apewe chombo cha mgeni." Kisha akasema, "Na wewe umenilipa vizuri. Kila siku bakuli langu hurudi na ndimu. Nikawa nawaambia watu, msichana wa bara, tena si Muislamu, ana adabu kuliko watoto wetu. Kila siku ndimu tatu."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Bi alikuwa akilipokea bakuli tupu kwenye kidato, na kabla ya kulivusha ng'ambo, alikuwa akitia ndimu zake mwenyewe, kwa jina langu. Miezi minne.

"Ndiyo sababu maneno yako yaliniingia," akaendelea. "Angesema mpumbavu, ningecheka. Lakini mtu anayerudisha ndimu kila siku akisema chakula cha kina Bi chatupwa, anajua asemalo. Nikajipima. Wao watia wali, watia samaki, wewe watia ndimu. Mimi natia maua. Maua hayaliwi. Nikaona kweli, miaka yote hii nimekuwa jalala lao nao waona haya kuniambia." Akalisukuma bakuli kidogo upande wangu. "Basi chukua, mwanangu. Nimekusamehe, lakini sina haja ya kula."

Niliwaza kwa upande mmoja kwamba Bi amenisitiri na mimi sina haki ya kuifunua sitara yake. Niliwaza kwamba nikinyamaza nitabaki msichana mwenye adabu katika nyumba ile, jina ambalo sikujua hata kwamba ninalo na ambalo nililipenda mara tu nilipolisikia. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi: nililipenda. Na mbele yangu mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na mishipa ya mikono ilionekana.

"Ndimu si zangu," nikasema.

"Eti?"

"Mimi sikutia kitu. Hata siku moja. Nililiosha tu. Anayetia ndimu ni Bi."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Miezi minne?"

"Miezi minne, bibi."

"Wala yai?"

"Nilifikiria mayai," nikasema.

Hapo akaanza kucheka. Alianza puani, kisha mabega, kisha kikohozi kikamshika na nikaogopa nimemwua, nikamtafutia maji. Aliyanywa, akanirudishia kikombe, akacheka tena. "Alifikiria mayai!" akasema, kama kwamba kuna mtu mwingine chumbani. "Subhanallah. Basi jalala si mimi! Jalala ni wewe!"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Wala maua hukutia!"

"Wala maua."

"Ndoo hapa, jalala, uninawishe mikono." Nikamnawisha. Akavuta bakuli, akasema bismillah, akatia vidole, akala. Akatafuna. Akaacha kutafuna. "Chakula hiki kiliungua."

"Kiliungua, bibi."

"Na chumvi uliiogopa." Akala tena. Alikula nusu ya bakuli, akaniambia nile nusu iliyobaki mbele yake, asikie. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula somo langu. Lilikuwa baya.

*

Nilidhani Bi atafurahi. Niliporudi na kumwambia bibi wa ng'ambo amekula, alishukuru Mungu. Nilipomwambia nimesema ukweli kuhusu ndimu, akaacha kushona.

"Umemwambia?"

"Bi, asingekula."

"Ungetafuta njia nyingine." Hakuinua sauti. "Mtu akikusitiri, hukai ndani ya sitara yako ukatulia? Sasa mimi nimekuwa mwongo kwa jirani yangu, miezi minne, kwa sababu yako." Akarudi kwenye kofia yake. Baadaye kidogo akasema, "Lakini amekula."

"Amekula."

"Basi."

Siku iliyofuata samaki alivuka tena, na mboga nazo. Asubuhi yake bakuli la ukingo wa kijani lilikuwa limerudishwa kwangu na kikuba cha asumini ndani yake, na bibi wa ng'ambo alikuwa ametuma salamu kwa jalala wake. Jina hilo halijaniacha. Mke wa seremala akinikuta njiani huniambia, "Jalala, hujambo?" kwa upole, na mimi humjibu sijambo. Sasa kila siku natia kitu. Mara nyingi ni ndimu, kwa sababu najaribu kulifanya jambo lile lililokuwa uongo liwe kweli, japo najua kwa hesabu haiwezi kuwa, siku zilizopita zimepita.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Jumanne iliyofuata nilikwenda darasani nimeamua kukiri mbele ya wote kumi na wawili, na sikukiri. Nilisema, "Wiki jana nilitoa mfano usiofaa," kisha nikafunua kadi. Mke wa seremala alinitazama, hakusema kitu. Naye alinisitiri, nadhani.

Na kuna barua. Mwisho wa mwezi nililazimika kupeleka ripoti Mombasa, na katika ripoti nilieleza habari ya nyumba tatu na vyungu vitatu, jinsi kila nyumba inavyopika kitu kimoja na kubadilishana, muda unavyookolewa, jinsi mlo unavyokamilika. Niliiandika vizuri. Niliiandika mara nne. Katika nakala ya kwanza niliandika, "Nimejifunza kwa akina mama." Katika ya pili, "Akina mama na mimi tumeona." Katika ya nne, iliyokwenda na boti, imeandikwa, "Inapendekezwa." Sikusema ni nani aliyependekeza. Majibu yamekuja wiki hii. Mkubwa wangu amesema ni wazo bora kuliko yote aliyoyasoma mwaka huu kutoka kwa mwalimu kijana, na kwamba litafundishwa pia Pate, na kwamba niende nikalianzishe huko mimi mwenyewe, niteremke Mtangawanda, bandari ya huko, mwanzoni mwa mwezi.

Niliisoma mlangoni nikiwa nimesimama. Bi alikuwa anashuka na bakuli.

"Umeandikiwa nini, mwanangu?"

"Salamu tu, Bi," nikasema. "Salamu za kazi."

Alinipa bakuli, likiwa la moto, zito. Nililipokea kwa mikono miwili, barua nimeibana kwapani, na mpaka sasa nimeketi nalo mapajani, bado sijala, nafikiria nikilimaliza nitalirudisha na nini.